Wema wa Kibudha na ujirani wa Mji wa Kale, Mombasa

ANAYETAFUTA hekalu la Wabudha katika Kisiwa cha Mombasa aghalabu huelekezwa kwingine. Huambiwa aende Nairobi, ambako watu wenye asili ya Sri Lanka wana hekalu lao, au avuke mpaka hadi Dar es Salaam, ambako Wasinhala waliofuata kazi na biashara walijenga lao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwenye nauli ya kutosha anaweza kufika Garuga, karibu na Entebbe nchini Uganda, kwenye kituo kilichoasisiwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, aliyeifahamu dini hiyo alipokuwa mwanafunzi nchini India.

Hata hivyo, swali ambalo mafundisho ya Kibudha huliuliza kuhusu maisha ya mjini si geni Mombasa. Mtu anapaswa kutendewa wema gani na asiyekuwa nduguye, wala wa kabila lake, wala wa dini yake, ilhali wanaishi ukuta kwa ukuta? Mji wa Kale, wenye eneo la takriban hekta 72 na vichochoro ambamo mikokoteni miwili hupishana kwa taabu, hauwezi kulikwepa swali hilo. Wakazi wake wengi ni Waislamu, lakini kwa vizazi kadhaa wameishi pamoja na Wahindu, Mabohora, Wagoa, Wajaini na watu wa bara waliofuata riziki bandarini.

Neno linalolibeba fundisho lenyewe ni metta, la lugha ya Kipali ambayo ndiyo iliyohifadhi maandiko ya kale ya Wabudha. Hakuna neno moja la Kiswahili linalolitosheleza. Mahaba hayafai, kwa kuwa mahaba huchagua. Huruma nayo humhitaji mtu aliyepatwa na shida, na Wabudha wana jina jingine kwa hiyo: karuna. Metta ni kumtakia kiumbe heri kwa sababu tu ni kiumbe, awe na shida au asiwe nayo, awe anapendeza au anachukiza. Huandamana na karuna, na mudita, yaani kufurahia neema ya mwenzako bila kijicho (jambo zito katika mtaa wowote ambako dirisha la jirani linaangalia uani kwako), na upekkha, utulivu wa moyo usioyumbishwa na sifa wala lawama.

Kinachomtatiza asiyeizoea dini hii ni kwamba wema huo huchukuliwa kuwa zoezi. Mtu huketi kimya akajitakia heri yeye mwenyewe kwanza, kisha akamtakia mtu aliyemfadhili, kisha mtu asiyempenda wala kumchukia, halafu adui yake, na mwisho viumbe wote. Katika mji, hatua ngumu kuliko zote pengine ni ile ya tatu. Adui angalau humkumbuka. Lakini yule mtu wa katikati, anayeonekana kila siku na asiyejulikana jina, kama vile utingo wa matatu, mwuza maji, au mlinzi wa duka anayelala juu ya katoni, huyo moyo humpita kama unavyoupita mlingoti wa stima.

Mji wa Kale una dawa yake ya maradhi hayo, nayo ni baraza. Yale makalio ya mawe yaliyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje kabisa ya mlango, yaliwekwa ili mwenye nyumba aweze kuketi na mpita njia pasi na kumwingiza ndani. Anayepita hulazimika kutoa salamu na anayeketi hulazimika kuitikia. Ni "sabalkheri" asubuhi na "masalkheri" jioni, na asiyetoa salamu huulizwa kesho yake ana nini. Mwuza kahawa naye hupita na dele lake na vikombe vidogo, na kikombe kimoja cha kahawa chungu humpa mgeni haki ya kuketi. Hivyo ndivyo mtu wa katikati anavyopata jina. Baada ya wiki chache hujulikana anatoka wapi na mgonjwa wake nyumbani anaendeleaje.

Isidhaniwe kwamba baraza ni paradiso. La nje ni la wanaume. Wema wa wanawake umekuwa na njia zake, nazo zimekuwa na nguvu zaidi kuliko inavyokubaliwa barazani. Makundi ya ngoma ya lelemama, ambayo mwanahistoria Margaret Strobel aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, yalikuwa pia vyama vya kusaidiana katika harusi na matanga. Katika miaka ya 1950 palizuka vyama rasmi vya wanawake vilivyojishughulisha na elimu na ustawi wa jamii, na mwaka 1958 wanawake wa Mombasa waliwasilisha ombi la kutaka haki ya kupiga kura. Leo hii chama cha mtaa chenye daftari la michango, sufuria kubwa za kuazimana na mikeka ya kutandika msibani ndicho kinachoibeba familia katika siku tatu za kwanza baada ya maziko.

Jirani wa karibu wa Ubudha

Penye Barabara ya Langoni, ukingoni mwa Mji wa Kale, limesimama hekalu jeupe la marumaru lenye minara iliyochongwa kwa ustadi. Watalii wengine hulidhania la Kihindu. Ni la Wajaini, na lilifunguliwa mwaka 1963. Katika historia ya mawazo, huyu ndiye jirani wa karibu zaidi wa Ubudha aliyepata makao kisiwani. Mahavira, mwalimu mkuu wa mwisho wa Wajaini, na Buddha waliishi zama moja, yapata karne ya tano Kabla ya Kristo, na wote wawili walihubiri katika nchi ya Magadha ambayo leo imo katika jimbo la Bihar, India. Walihitilafiana kuhusu mengi, hasa kiasi cha kuutesa mwili kwa ajili ya ibada, lakini walikubaliana kwamba kutodhuru ndiko mwanzo wa dini.

Wajaini wengi wa Kenya ni Waoshwal, ambao wazee wao walitoka katika vijiji vilivyouzunguka mji wa Jamnagar, Gujarat. Walianza kuja Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na njaa kali ya mwaka 1899 na 1900 iliyoikumba India magharibi iliwasukuma wengine wengi baharini. Kwa wengi wao Mombasa ndiyo iliyokuwa nchi kavu ya kwanza. Walikuja na desturi ambazo wenyeji waliziona za ajabu. Hawali nyama, samaki wala mayai, na walio wakali zaidi hawali hata viazi na vitunguu, kwa kuwa kuving'oa kunaua mmea mzima na vidudu vya ardhini. Katika mji unaonukia mishkaki kila jioni, hilo ni jambo linalohitaji moyo.

Kila mwaka Wajaini huwa na siku nane za kufunga na kujihesabu ziitwazo Paryushana. Katika siku ya mwisho kila mmoja huwaendea wazazi, ndugu, washirika wa biashara na hata wafanyakazi wake, na kuwaomba msamaha kwa madhara aliyowatendea kwa kujua au kwa kutojua. Mswahili haoni ugeni hapo, kwani naye huomba radhi mtaa mzima kabla ya kuingia Ramadhani au kabla ya kusafiri kwenda Hija. Tofauti ni kwamba Mjaini huwaomba radhi pia wadudu na mimea.

Masingasinga nao wana hekalu lao lililojengwa Makindu mwaka 1926 kando ya njia ya reli, ambalo kila msafiri wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa hulijua. Hapo chakula hutolewa bure kwa yeyote aingiaye, dereva wa lori na mwenye gari la kifahari wakiketi pamoja, na dini ya mtu haiulizwi. Kinachoulizwa ni kama umevua viatu na kufunika kichwa.

Pande sita za mtu wa mjini

Wapo wanaodhani kwamba Buddha alizungumza na watawa tu. Mojawapo ya mafundisho yake mashuhuri lilitolewa kwa kijana wa mjini aliyeitwa Sigala, ambaye kila alfajiri alisujudia pande sita, mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu, kwa sababu marehemu babake alimwagiza hivyo. Buddha hakumkataza. Alimweleza kwamba pande hizo ni watu: mashariki ni wazazi, kusini ni walimu, magharibi ni mke na watoto, kaskazini ni marafiki na wenzi, juu ni watu wa dini, na chini ni watumishi na wafanyakazi. Kumwabudu kila mmoja wao ni kumtimizia wajibu wake, na kila upande una wajibu wa kurudisha.

Upande wa chini ndio unaostahili kutazamwa kwa makini Mombasa. Mwajiri ameagizwa mambo matano: ampe mfanyakazi kazi inayolingana na nguvu zake, ampe chakula na ujira, amwuguze anapougua, amgawie vitamu anavyopata, na ampe nafasi ya kupumzika kwa wakati. Mwenye kuifahamu Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 atashangaa jinsi maagizo hayo ya zaidi ya miaka 2,000 yanavyoikaribia. Sheria hiyo inampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata matibabu anapougua kazini. Lile la kugawiana vitamu halimo katika sheria. Limo katika desturi.

Ama kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, sheria na desturi zote mbili hukwama mlangoni. Msichana aliyetoka Kilifi, Kwale au bara kuja kupika na kulea watoto katika nyumba ya Kibokoni au Kuze huamka kabla ya adhana ya alfajiri na hulala baada ya kila mtu. Huitwa "mwanangu" na mwenye nyumba, na kwa hakika wapo wanaotendewa kama wana. Lakini jina hilo laweza pia kuwa kisingizio, kwa kuwa mwana halipwi mshahara wala hapewi siku ya mapumziko. Fundisho la Sigala lina faida moja hapa: halimwiti mfanyakazi mwana. Lamwita mfanyakazi, likamtajia haki zake moja baada ya nyingine.

Vivyo hivyo kwa hamali na msukuma mkokoteni wa maji. Kisiwa hakina mto, na tangu zamani kimetegemea visima na maji yaletwayo kutoka mbali, kwanza kutoka milima ya Shimba, kisha kwa bomba la Mzima lililokamilika katika miaka ya 1950, na baadaye Baricho. Mabomba yanapokauka, ambalo ni jambo la kawaida, mitungi ya lita 20 hupandishwa ngazi hadi ghorofa ya tatu mgongoni mwa mtu. Bei hujadiliwa mtungi kwa mtungi. Ni nadra kusikia ikijadiliwa idadi ya ngazi.

Wema wenye daftari

Mfalme Ashoka wa India, aliyetawala karne ya tatu Kabla ya Kristo na kuufuata Ubudha baada ya vita vya umwagaji damu vya Kalinga, aliacha maandishi juu ya miamba na nguzo yanayoeleza kwamba aliamuru visima vichimbwe, miti ya kivuli ipandwe kandokando ya barabara, na dawa zipatikane kwa watu na kwa wanyama. Kwa maneno mengine, hakuuacha wema uwe hisia ya mtu mmoja mmoja. Aliutia katika bajeti.

Mwislamu wa Pwani anayesoma habari hizo hukumbuka wakfu mara moja. Mwenye nyumba, kisima au shamba hulitoa mikononi mwake moja kwa moja kwa ajili ya Mungu. Mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi, na pato lake hutumika kutunza msikiti, kusomesha mayatima au kulisha maskini. Ipo pia wakfu ya ukoo, ambayo faida yake huwaendea wana na wajukuu. Serikali ya kikoloni ilizitungia sheria mali hizo mwaka 1900, na mwaka 1951 ikatungwa sheria ya Tume ya Wakfu, yenye makao yake Mombasa. Misikiti kadhaa ya Mji wa Kale hutegemea kodi za nyumba na maduka yaliyotolewa na watu waliofariki zamani.

Hapa ndipo wema wa kale unapopambana na bei ya ardhi. Nyumba ya wakfu inayokodishwa kwa kodi ya kale haileti fedha za kutengeneza paa lake lenyewe, ilhali kiwanja chake kinatamaniwa na mjenzi wa ghorofa. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya usimamizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na mwenye nyumba hapaswi kuibomoa au kuibadili sura bila idhini. Nia ni njema. Lakini boriti za mikoko na chokaa ni ghali, na ukuta haungoji idhini ili uanguke. Nyumba inapoanguka, majirani ndio wanaowatoa watu kifusini, na huwalaza kwao usiku huo bila kuuliza ilikuwa ya nani.

Mtu asiyesalimiwa

Kipimo kikali zaidi cha ujirani wa Mji wa Kale, hata hivyo, ni teja. Heroini, ambayo Pwani yote huiita unga, ilianza kuenea Mombasa katika miaka ya 1980, na baadhi ya vijana wa kwanza kunaswa walikuwa watoto wa nyumba hizohizo zenye milango ya nakshi. Mtu huyu alikuwa na jina, na baraza ilimjua tangu utotoni. Kisha akaiba redio ya shangazi yake, kisha bomba la shaba la msikiti, na salamu zikakoma. Anapokaribia baraza watu hushika simu zao.

Haki ya hasira yao haipingiki. Aliyeibiwa mara tatu na kijana aliyemlea hahitaji kuhubiriwa. Lakini maandiko ya Kibudha yana kisa kinachogusa hapohapo. Buddha na mwanafunzi wake Ananda waliingia siku moja katika makao ya watawa wakamkuta mtawa anayeumwa tumbo la kuhara damu, amelala katika uchafu wake, na wenzake wote wamemwacha. Walipoulizwa, walijibu kwamba mgonjwa huyo hakuwa na msaada wowote kwao. Buddha hakutoa hotuba kwanza. Aliagiza maji, akamwosha mgonjwa pamoja na Ananda, wakamwinua na kumlaza kitandani. Baadaye ndipo alipowaambia watawa kwamba hapo hawana mama wala baba wa kuwauguza, na kwamba atakaye kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa.

Mombasa ilipata mtihani wa namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2010 na mwanzoni mwa 2011, unga ulipoadimika ghafla Pwani nzima. Watumiaji waliingia katika arosto kwa wakati mmoja: kutapika, kuhara, maumivu ya mifupa, kutolala. Waliokuwa wamefichwa na familia zao walijitokeza wakiomba msaada. Mashirika yaliyokuwa yakifanya kazi hiyo kisiwani, yakiwemo MEWA, chama cha Waislamu cha elimu na ustawi kilichoanzishwa katika miaka ya 1980, na Reachout Centre Trust, yalielewa mapema kuliko wengi kwamba huyu ni mgonjwa.

Mwafaka haukuja upesi. Serikali ilipotangaza mwaka 2012 mpango wa kuwagawia watumiaji sindano safi ili kupunguza maambukizi ya ukimwi, viongozi kadhaa wa dini Pwani waliupinga, wakisema unahalalisha haramu. Hoja yao haikuwa ya ukatili. Walihofia vijana ambao walikuwa bado hawajaanza. Lakini aliyekwisha kuanza alikuwa akichangia sindano moja na wenzake katika gofu lililo nyuma ya msikiti, na hofu ya wazee haikumfikia huko.

Matibabu ya methadoni yalianza nchini Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, yakafuatia Malindi mwaka 2015 na baadaye Kisauni. Dawa hiyo ya maji huondoa arosto bila kumlevya mgonjwa, mradi ainywe kila siku, na hunywewa mbele ya mhudumu. Wengi wamerudi kazini kwa njia hiyo. Wapo wanaosukuma mikokoteni ya maji katika vichochoro vilevile, na wapo waliorudi kuishi kwa mama zao.

Ila jambo moja huwavunja wengine, nalo ni dogo kiasi cha kutotajwa katika ripoti. Kisauni haiko kisiwani. Iko ng'ambo ya Daraja la Nyali, na dozi haina likizo, iwe Jumapili, iwe Idi, iwe mvua ya masika. Mgonjwa asiye na kazi anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, leo, kesho na keshokutwa, kwa miezi na pengine miaka. Mama mwenye uwezo hutoa. Wakati mwingine hutoa jirani ambaye redio yake iliibwa, akimpa mama huyo fedha mkononi ili kijana asijue. Na asiye na mama wala jirani wa aina hiyo hutoka Kuze alfajiri, akalivuka daraja kwa miguu.